Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii ni kongwe katika mwambao, na mpaka leo haijachakaa. Huambiwa mtu aliyepoteza kilicho chake cha asili akapewa cha kuazima. Husemwa matangani, husemwa katika mambo ya ndoa, husemwa hata katika siasa. Lakini kwa kuwa imezoeleka mno masikioni, ni wachache wanaosimama wakaiuliza asili yake. Pembe hiyo ilitoka wapi? Ni nani aliyetiwa jino la namna hiyo, lisimfae, hata wahenga wakapata la kusema?

Suali hilo lina uzito wake. Wahenga hawakutaja jino la mti, wala la jiwe, wala la fedha. Walitaja la pembe. Na watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walikuwa na haki ya kuisema kauli hiyo, kwani kwa karne nyingi pembe za ndovu zilipita mikononi mwao, zikapimwa kwa frasila mbele ya macho yao, zikapakiwa majahazini na melini. Anayetaka kuifasiri methali hii kwa ukamilifu hana budi kuifuata pembe hadi ilikotoka, na kulifuata jino hadi lilikofikia. Njia hiyo huanzia mbali na bahari, kwenye mchanga wa Ziwa Tanganyika.

Mchanga wa Katonga

Katonga ni mwalo wa wavuvi katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Usiku mitumbwi hutoka na taa za kuwavutia dagaa, na kukipambazuka dagaa hao huanikwa juani wakasubiri wachuuzi. Mbele ya mwalo kuna ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, ambalo duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Ng'ambo yake ni milima ya Kongo.

Katika maji hayo wamo samaki wasioijua habari ya pengo. Samaki wa ukoo wa sato na perege, ambao ziwa hili limejaaliwa aina zake nyingi, huota meno mapya maisha yao yote. Mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Perissodus microlepis, hula magamba ya samaki wenziwe. Huwavizia kwa nyuma, akawabambua ubavuni kwa meno yake. Wako ambao kinywa chao kimepinda kushoto na wako ambao kimepinda kulia, na kila kundi lina ubavu wake wa kushambulia. Mtaalamu wa Kijapani, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 kuwa makundi hayo mawili hupokezana kwa wingi, maana samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi na upande wanaoumwa zaidi. Samaki huyo aking'oka jino, jingine hushika nafasi yake. Mamba naye ndivyo alivyo. Tembo amepewa zamu sita za magego. Mwanaadamu amepewa zamu mbili tu, meno 20 ya utotoni na 32 ya ukubwani, na baada ya hapo kinachong'oka kimeng'oka.

Si mbali na Katonga ndipo ulipo mji wa Ujiji. Burton na Speke walipofika hapo mwezi Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Katika miaka ya 1870 mkubwa wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima. Pembe zilinunuliwa au kuporwa Manyema, zikavushwa ziwa kwa mitumbwi, zikapumzishwa Ujiji, kisha zikatwikwa mabegani kwenda Tabora, Bagamoyo na hatimaye Unguja. Mwendo huo unapindukia kilomita 1,200. Baadhi ya wapagazi walitembea kwa ujira, na wengine walitembea kwa minyororo.

Miongoni mwa waliovushwa walikuwamo watu waliochonga meno yao kwa mujibu wa ada za kwao. Huko walikozaliwa, meno hayo yalikuwa pambo na dalili ya kuwa mtu amekwisha kukua. Walipofika pwani, meno yale yale yakawa kitambulisho cha mtumwa, na wenyeji wakayatazama kwa dharau. Jino moja likasomwa kwa hati mbili, na hati iliyoshinda ikawa ile ya mwenye nguvu.

Pembe iliyokuwa jino

Waswahili walikiita kitu hicho pembe, kwa kukifananisha na pembe ya ng'ombe au ya paa. Elimu ya wanyama haiafiki. Ile ni meno mawili ya mbele ya taya la juu, ambayo kwa tembo hukua maisha yake yote. Theluthi moja hivi ya urefu wake imezama ndani ya fuvu, na ndiyo maana haiwezi kutolewa nzima ila mnyama awe amekufa. Magazeti ya leo huandika meno ya tembo. Hata hivyo methali yetu ilikwisha kuyaunganisha majina hayo mawili zamani, iliposema jino la pembe. Jino lilitolewa katika mfupa wa tembo, likaitwa pembe na kuuzwa kwa jina hilo, kisha likachongwa likarudia ujino wake katika kinywa cha mwingine.

Kinywa hicho mara nyingi kilikuwa cha ng'ambo. Pembe laini za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa kukubali tupa na msumeno bila ya kupasuka. Zilipelekwa Bombay kufanywa bangili, zikapelekwa London, na nyingi zikapelekwa Marekani katika jimbo la Connecticut, ambako mji wa Deep River na jirani yake Ivoryton viliishi kwa kukata pembe za kutengeneza vitana na vibao vyeupe vya piano. Kazi ya meno ya bandia ilikuwa ndogo ikilinganishwa na hizo, lakini ilikuwa kongwe. Mafundi wa Ulaya waliipendelea zaidi pembe ya kiboko, kwa kuwa ni ngumu kuliko ya tembo na haipesi kugeuka manjano. Meno ya kiboko nayo yalikuwa bidhaa ya Unguja, na Burton aliyataja miongoni mwa mali zilizotoka Afrika Mashariki.

Aliyevaa meno hayo akajulikana kuliko wote ni George Washington. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, kinywani mwake lilikuwa limebaki jino moja tu la kuzaliwa nalo. Mtaalamu wake wa meno, John Greenwood, alimchongea seti ya pembe ya kiboko. Daftari ya hesabu ya Washington ya mwaka 1784 imeandika pia malipo kwa watu weusi kwa ajili ya meno 9. Hayo yalikuwa kabla ya misafara ya pwani kufika Ujiji, lakini yanaonesha kuwa biashara ya meno haikuishia kwa wanyama. Mwaka 1815, baada ya vita vya Waterloo, maiti za askari zilinyofolewa meno, na kwa miaka mingi meno ya binaadamu yaliyouzwa Ulaya yakaitwa kwa jina la vita hivyo.

Na meno hayo ya pembe yalifaa? Hapo ndipo wahenga wanapothibitika kuwa walisema kwa ujuzi. Jino la kuzaliwa nalo limevishwa gamba gumu linalostahimili mate na ndimu. Pembe iliyochongwa haina gamba hilo. Hunywa mate na hubadilika rangi, na baada ya muda huoza na kunuka. Watu wakubwa wa Ulaya waliovaa meno hayo walitafuna marashi na kujifunika kwa vipepeo. Wengine waliyavua wakati wa kula, wakayavaa wakati wa mazungumzo. Jino ambalo mtu halili nalo ni pambo, na pambo halijawahi kuwa dawa.

Kibogoyo wa Ujiji

Historia ina kejeli zake. Katika mji ule ule ambao meno ya tembo yalirundikwa kwa mamia, alikaa mgeni mmoja ambaye meno yake mwenyewe yalikuwa yakimwishia. David Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwezi Machi 1869, akiwa mgonjwa, baada ya safari iliyomlazimu kula mahindi magumu kwa siku nyingi. Katika barua kwa binti yake Agnes alilalama kuwa meno yamevunjika na kung'oka kwa kutafuna mahindi hayo, akafanya mzaha kuwa kinywa chake kimekuwa kibaya hata hakifai kubusiwa. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, hali ya meno yake ilikuwa moja katika mambo aliyoyaona upesi na kuyaandika.

Livingstone alikuwa tabibu, alikuwa na jina kubwa duniani, na alikuwa amekaa juu ya ghala la pembe. Yote hayo hayakumrejeshea jino hata moja. Hakuna mfano ulio bora kuliko huo wa kuifasiri methali ya wahenga.

Mgeni huyo ana fundisho jingine. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Mfupa huo haukuunga sawasawa. Ncha zake mbili zilibaki zikicheza, mfano wa kiungo kisichokuwapo. Alipofariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, wenziwe Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo. Kutoka hapo ulipitia Unguja, ukafika Uingereza mwezi Aprili 1874. Uso haukuweza kutambulika tena. Tabibu William Fergusson aliukagua mkono, akauona ule mfupa usiounga, akashuhudia kuwa ndiye. Basi mfupa huweka kumbukumbu. Hukumbuka kilichoungana nao na kilichokataa.

Jino na neno

Kabla ya kufika kwenye dawa, inafaa kuuliza pengo lenyewe huondoa nini. La kwanza ni tonge, na kila mtu analijua. La pili ni mfupa. Taya hushikilia unene wake kwa sababu ya mizizi ya meno. Mzizi ukiondoka, mfupa ulioubeba huanza kulika, na mwaka wa kwanza ndio unaopoteza zaidi. Kwa hiyo uso wa kibogoyo hunywea, mashavu huingia ndani na kidevu hupanda juu. Meno ya bandia yanayokaa juu ya ufizi, yawe ya pembe, ya mpira uliopikwa, au ya plastiki ya siku hizi, hayauzuii ulikaji huo, kwani hayana mzizi.

La tatu ni herufi, na hili linawahusu wapenzi wa ushairi kuliko wengine. Walimu wa tajwidi wamefundisha kwa zaidi ya miaka elfu kuwa kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Thaa, dhali na dhaa hutoka kwa ncha ya ulimi kugusana na meno ya mbele ya juu. Faa hutoka kwa makali ya meno hayo na mdomo wa chini. Wakawapa meno majina, thanaya, rubaiya, aniyabu na adhrasi, ili mwanafunzi ajue ulimi wake unaegemea wapi. Mwenye pengo mbele anaweza kuijua kasida nzima kwa moyo, akaikosa pale penye thawabu, dhahabu na fedha. Shairi halipungui mizani, lakini sauti hupungua ndani ya mizani. Hapo masikio hutambua jambo ambalo lugha ilikwisha kuliweka wazi, kuwa baina ya meno na maneno kuna silabi moja tu.

Mfupa unaokubali

Watu hawakuridhika na pengo. Katika hadithi za Mtume imepokewa habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulabu. Alitia pua ya fedha, ikamnukia, naye Mtume akamwamuru atie ya dhahabu. Mafakihi waliitumia habari hiyo kuwaruhusu wanaume kufunga meno kwa dhahabu, ijapokuwa pambo la dhahabu limekatazwa kwao. Katika pwani yetu jino la dhahabu limekuwa urembo wa kutajika, lakini mlango wake wa sharia ulifunguliwa na haja ya mgonjwa. Zaidi ya hayo, habari hiyo ina elimu ya tiba ndani yake: kuna madini ambayo mwili huyakataa na kuna ambayo huyavumilia.

Karibu na mwaka 1000, huko Qurtuba katika Andalusi, tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi aliandika kuwa jino lililolegea lifungwe kwa waya wa dhahabu, na lililong'oka lichongewe badala yake kwa mfupa wa ng'ombe. Ng'ambo ya Atlantiki Wamaya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1931 yalipatikana Honduras mabaki ya taya la tangu karne nyingi zilizopita, yenye vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa kwa umbo la jino na kukitwa penye mizizi ya meno ya mbele ya chini. Picha za eksirei zilizochunguzwa mwaka 1970 zilionesha kuwa mfupa ulikwisha kuota kuvizunguka. Kombe lilikubaliwa pale ambapo pembe ilikataliwa.

Dawa ya uhakika ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza namna mfupa unavyopona. Alitia kifaa cha titani ndani ya mfupa wa mguu wa sungura. Utafiti ulipokwisha, kifaa kikakataa kutoka. Mfupa ulikuwa umeshikamana na madini hayo kama kwamba ni sehemu yake. Mwaka 1965 huko Gothenburg alimtia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, skrubu nne za titani katika taya la chini, na juu yake akajengewa meno. Wenziwe wengi walimpinga, na haikuwa mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo kazi yake ilipokubaliwa na walimwengu. Larsson alikula kwa meno hayo kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006. Brånemark mwenyewe alifariki mwaka 2014.

Kiswahili kimekipa kitu hicho jina la kipandikizi, na jina hilo limekaa mahali pake. Watu wa Kigoma wanaujua mchikichi. Hawaubandiki juu ya ardhi. Huchimba shimo, wakautia mche na kuusubiri ushike. Tabibu naye hutoboa taya, akakaza skrubu, akasubiri miezi mitatu hadi sita, ndipo aweke jino juu yake. Katika miezi hiyo kazi yote hufanywa na mfupa kimyakimya, na mvutaji wa sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa huhofiwa kuwa mfupa wake hautashika. Jino la bandia hubandikwa. Kipandikizi huota, au hukaribia kuota, na mfupa ulio kando yake hauliki kama unavyolika penye pengo tupu.

Mapengo yaliyobaki

Je, methali imekwisha kazi? Kwa upande wa taya, nusu yake imejibiwa. Jino la pembe lilishindwa kwa kukosa mzizi, na sasa mzizi umepatikana. Lakini pembe iliacha mapengo mengine, na hayo hayajapata tabibu.

Pengo la kwanza ni la tembo mwenyewe. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuiharamisha biashara ya kimataifa ya pembe, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliolipeleka ombi hilo, baada ya makundi mengi ya tembo kuteketezwa. Huko Gorongosa, Msumbiji, vita vya mwaka 1977 hadi 1992 viliua zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa hifadhi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionesha kuwa majike wasio na pembe, waliokuwa asilimia 18.5 kabla ya vita, walifikia asilimia 51 baadaye, na kwamba hali hiyo hurithiwa. Wenye pembe waliuawa, na mapengo yakazaa mapengo. Maumbile yaliona kuwa heri kuzaliwa kibogoyo.

Pengo la pili ni la watu. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya utumwa na pembe, kuanzia Ujiji hadi Bagamoyo, katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO yawe urithi wa dunia. Miembe ya njia hiyo mingine ingaliko. Majina ya waliotembea chini yake hayapo, na hakuna mfupa wao uliopelekwa kwa tabibu ukatambuliwe.

Pengo la tatu ni la leo, na lipo Katonga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha udaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979, na vipandikizi sasa hutiwa nchini, zaidi katika miji mikubwa. Gharama ya kimoja huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kwa watu wengi wa Tanzania matibabu ya jino bado ni moja, kung'oa, kwa sababu mgonjwa hufika jino likiwa limekwisha kuoza na hana fedha za kuliokoa. Ufuko uliopeleka meno kwa shehena ili wengine wachane nywele, wapige piano na wafiche mapengo yao, watu wake hurudi nyumbani na pamba kinywani.

Wahenga waliposema jino la pembe si dawa ya pengo, walimwonya mwenye pengo asidanganyike na kilichoazimwa. Hawakuwa wamemwambia akate tamaa. Dawa imepatikana, na iko mbali naye kwa kiasi kile kile ambacho Unguja ilikuwa mbali na Ujiji, yaani kwa urefu wa njia na uzito wa mzigo. Alfajiri mitumbwi ikirudi Katonga, nyavu huvutwa mchangani na palipokatika hushonwa. Mshonaji huukata uzi kwa meno, kwa upande ule ambao bado anayo.